Wanangu wamenipa otomatiki, lakini mkono wangu bado unatafuta gia

BARUA

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Mtwara mjini, nikiwa na jambo ambalo wenzangu wa kijiweni wameliona ni la kuchekesha na watu wa nyumbani kwangu wameliona ni utovu wa shukrani, ilhali mimi mwenyewe sijui niliite nini. Nina umri wa miaka 64 na nimeendesha magari kwa zaidi ya miaka 35, mengi yakiwa malori. Udereva nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye kwa miaka miwili ya mwanzo hakuniruhusu hata kuushika usukani. Kazi yangu ilikuwa utingo, kukimbilia jiwe la kuzuia gurudumu lori liliposimama mlimani, na kusikiliza. Alikuwa akisema kwamba injini haifichi, ikichoka itakuomba gia, na dereva asiyeisikia inapoomba hafai kukabidhiwa mzigo wa watu. Gia za lori lile hazikuingia bila kupiga klachi mara mbili, na ukikosea kidogo zilisaga kwa mlio ambao kila aliyeketi barazani kando ya barabara aliusikia, akajua kwamba leo usukani umeshikwa na mpwa.

Nimesomba korosho kutoka Newala na Tandahimba hadi bandarini Mtwara misimu isiyohesabika, na nimekwenda Dar es Salaam tangu enzi za kivuko cha Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wakati ambapo safari ya masika ilihesabiwa kwa siku. Katika safari hizo zote nilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuitafutia jina: kukiona kilima mbele, kupangua gia (kuishusha iwe ya chini zaidi) kabla hujakifikia, na kuhisi lori zima likijifunga kibwebwe chini yako.

Mwaka juzi niliacha kazi. Mwaka jana watoto wangu watatu walichanga, wakaninunulia Toyota IST, gari zuri, safi, la otomatiki. Niliwashukuru mbele ya jamaa wote, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Lakini tangu siku hiyo ninaendesha kama abiria aliyeombwa amshikie mwenzake usukani. Mkono wa kushoto unakwenda penye gia na kukuta hakuna kazi. Mguu wa kushoto nao, katika wiki za mwanzo, uliitafuta klachi ukaikanyaga breki, mpaka mjukuu wangu akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele.

Sababu zangu za kutolipenda gari hili si za hisia tu. Kwanza, otomatiki inakula mafuta. Pili, mafundi wetu wengi wanaifungua klachi na kuifunga wamefumba macho, lakini wakiisikia giaboksi ya otomatiki wanakuna kichwa. Tatu, betri ikifa shambani, manyuo (ndivyo sisi madereva tunavyoliita gari la gia za mkono) unaisukuma inawaka. Hii utaisukuma mpaka jua lizame. Na la nne ndilo lililonitisha: mwezi uliopita nilikuwa nateremka kutoka Newala kwenda Masasi, na gari likawa linanikimbia. Nilikanyaga breki njia nzima mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Nikajaribu kuiweka nyutro, yaani bila gia yoyote, angalau niokoe mafuta, na mambo yakawa mabaya zaidi. Katika miaka yote ya malori sijawahi kuogopa mteremko ule.

Sasa nataka kuiuza IST, niongezee malipo yangu ya korosho ya msimu ujao, ninunue pikapu kuukuu ya Toyota Hilux, ya gia za mkono, ambayo mwenyewe ni rafiki wa mpwa wangu na yuko tayari kuiachia. Pikapu hiyo itanifaa pia shambani Tandahimba, ambako IST inaburuza tumbo kwenye mchanga.

Mke wangu hataki kulisikia jambo hili. Yeye ambaye kwa miaka 38 ya ndoa yetu hakuwahi kuuliza hata breki iko upande gani, alikwenda chuo cha udereva, akapata leseni, na sasa anajiendesha mwenyewe katika IST hiyo kwenda kwa dada yake Mikindani. Nami naona hiyo ni thibitisho kwamba gari lile halihitaji dereva. Binti yangu mkubwa ananikumbusha goti langu la kushoto, ambalo daktari alishalisemea, lakini hilo ni goti la uzee tu na huwa linatulia.

Naomba unijibu mambo mawili. Je, ni kosa mtu wa umri wangu kutamani raha ya kuendesha gari? Na kwa upande wa ufundi, si kweli kwamba manyuo ndiyo gari linalofaa kwa barabara zetu za kusini?

Dereva wa Zamani, Mtwara

MAJIBU

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu nimefundisha udereva mjini Lindi kwa miaka mingi kabla sijakabidhiwa safu hii, na ni mara chache mtu huniandikia kuhusu raha ya gia badala ya bei ya gari. Umeniuliza maswali mawili. Nitaanza na la pili, kwa kuwa naona ndilo unalolitumia kulifunika la kwanza.

Mteremko wa Newala unaujua kuliko mimi. Uwanda wa Makonde unapanda polepole kutoka pwani, kiasi kwamba mtu anaweza kufika Newala bila kugundua amepanda kiasi gani, kisha upande wa magharibi na wa kusini ardhi inakatika ghafla. Aliyewahi kusimama pale Shimo la Mungu akalitazama bonde la Ruvuma chini yake anaelewa ninachosema. Sasa niambie, mzee wangu: lori lenye mzigo ungelishusha mteremko wa namna hiyo kwa gia gani? Sidhani kama kuna siku uliliacha kwenye gia ya juu kabisa, ukaitegemea breki kutoka kileleni hadi bondeni. Mjomba wako angekushusha njiani. Lakini hivyo ndivyo ulivyoishusha IST, kwa sababu uliiweka D, ile alama ya kwenda mbele, ukaamini kwamba mengine yote hayakuhusu tena.

Gari lako lina gia za chini na linakupa ruhusa ya kuzichagua. Tazama chini ya D kwenye njia ya mkono wa gia: magari mengi ya aina hiyo yana 2 na L, na pembeni ya mkono wenyewe kuna kitufe kidogo cha kuzima gia ya juu. Kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo kwa breki, zima gia ya juu kwa kitufe hicho, na ukiona bado gari linakuvuta, shusha mkono hadi 2; L ni ya mteremko mkali na mwendo mdogo sana, na haifai kuwekwa gari likiwa kasi. Utaisikia injini ikipandisha sauti na kulishika gari, kama vile ilivyokuwa ikilishika lori. Breki ziachie kazi ya kurekebisha tu, kwa kuzikanyaga na kuziachia, maana breki inayokanyagwa bila kupumzishwa hupata joto mpaka ikapoteza nguvu, na ile harufu uliyoisikia ilikuwa ni onyo la mwisho kabla ya hapo.

Kuhusu nyutro nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Zamani, kwenye injini za kabureta, kulikuwa na ukweli fulani katika imani kwamba nyutro inaokoa mafuta. Injini ya siku hizi inayopulizia mafuta kwa kuongozwa na kompyuta hukata mafuta yote gari linapoteremka likiwa ndani ya gia na mguu wako haupo kwenye pedeli, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiiweka nyutro, injini inatenganishwa na magurudumu, nayo inalazimika kuomba mafuta ili isizimike. Kwa hiyo pale Newala ulipoteza kizuizi cha injini na bado ukalipia mafuta ambayo usingeyalipia. Usirudie.

Hoja yako ya mafuta ina nusu ya ukweli. Katika giaboksi ya otomatiki ya kawaida, kati ya injini na gia hakuna sahani ya klachi. Kuna chombo chenye mafuta ndani yake na mfano wa feni mbili zinazotazamana, moja ikizungushwa na injini na kuyasukuma mafuta yaizungushe ya pili. Katika kusukumana huko nguvu kidogo hupotea, hasa mjini unaposimama na kuondoka mara kwa mara, na otomatiki za gia 4 kama yako zilikuwa kweli nyuma kidogo ya manyuo katika jambo hili. Magari mapya yenye gia nyingi zaidi yameifuta tofauti hiyo. Hata hivyo, wewe unalinganisha gari dogo la injini ndogo na pikapu kuukuu yenye mwili mzito, na hapo hesabu ya mafuta haitakuwa upande wako, gia ziwe za mkono au za mguu.

Uliposema habari za mafundi na kusukuma, hapo sina la kukupinga. Klachi iliyokwisha hubadilishwa katika gereji yoyote ya Mtwara, Lindi au Masasi, na vipuri vyake si vya kuhangaikia. Giaboksi ya otomatiki ikiharibika inataka fundi aliyejifunza kazi hiyo hasa, na mara nyingi watu huishia kununua nyingine iliyotumika. Kusukuma nako haiwezekani, kwa sababu bila injini kuzunguka, pampu ya giaboksi haipeleki mafuta na gia haishiki. Kwa sababu hiyohiyo otomatiki ikiharibika usikubali ivutwe kwa kamba umbali mrefu magurudumu yanayoendeshwa yakizunguka chini, kwani giaboksi itajisaga ikiwa kavu. Lakini otomatiki nyingi hufa mapema kwa kukosa mafuta safi tu. Mwambie fundi akuoneshe kijiti cha kupimia, upime injini ikiwa ya moto na inanguruma mahali tambarare: mafuta mekundu yanayopenya mwanga ni mazima, meusi yenye harufu ya kuungua yalipaswa kubadilishwa zamani. Yawekwe ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari, si yale ambayo mwenye duka anayo karibu. Na betri mpya ni rahisi kuliko gari jipya.

Hoja yenye uzito kuliko zote umeiweka mwishoni kana kwamba ni nyongeza. IST inaburuza tumbo kwenye mchanga wa Tandahimba. Naam, gari lile halikutengenezwa kwa njia za mikorosho, wala kwa udongo mwekundu wa huko ukishalowa mwezi wa Januari. Lakini hiyo ni hoja ya kutaka gari lililoinuka lenye mahali pa kuweka magunia, na kuna pikapu za otomatiki pia. Tena mchangani otomatiki si mnyonge hata kidogo, kwa kuwa inasukuma kwa ulaini bila kukatika, wakati dereva wa manyuo anayecheza na klachi ili atoke huweza kuiunguza sahani katika asubuhi moja.

Basi tukishaondoa ya mafuta, ya mteremko na ya mchanga, kinachobaki ni lile swali lako la kwanza, na jibu langu ni kwamba hapana, si kosa hata kidogo.

Nadhani naelewa unachokikosa, nami nitajaribu kukieleza kwa lugha ya kazi yetu. Otomatiki haina macho. Ile yako inajua mambo machache tu: gari linakwenda kasi gani, mguu wako umekanyaga kiasi gani, na mkono wa gia umeuweka wapi. Haikioni kilima cha Mikindani. Inakijua baada ya gari kuanza kuchoka, ndipo inapangua gia, kwa mshtuko, kama mtu aliyeamshwa. Wewe ulikiona nusu kilomita kabla. Ulipopangua gia mapema ulikuwa unaiambia injini habari za mbele, na ilipoitikia kwa sauti uliyoitarajia, ulipata ile raha ambayo hukuitafutia jina. Ni raha ya kuona mbele na kuthibitishiwa kwamba ulichokiona ndicho. Hakuna mtoto anayeweza kumnunulia mzazi wake kitu cha kuziba nafasi hiyo, na usijilaumu kwa kuiona iko wazi.

Sehemu yake, hata hivyo, unaweza kuirudisha ndani ya IST hiyohiyo, kwa kuwa mguu wako wa kulia unazungumza na giaboksi kila dakika ingawa hukuwahi kuambiwa. Ukitaka ipandishe gia mapema, legeza pedeli kidogo mwendo ukishajengeka, utasikia injini ikishusha sauti. Ukitaka ipangue kabla ya kupita lori, zamisha mguu kwa mkupuo mmoja na usubiri, usiongeze kidogokidogo. Kabla ya kilima, bonyeza kile kitufe cha gia ya juu ukiwa bado kwenye tambarare, na gari litakikabili kilima likiwa tayari. Hapo utakuwa umeliazima macho yako. Nimewafundisha watu waliofanya hivyo kwa ustadi kiasi kwamba abiria hakusikia gia zikibadilika. Mguu wa kushoto uvute nyuma, kisigino kikaribie kiti, nao utaacha kutafuta klachi. Sikuambii kwamba hayo yatatosha. Yatapunguza kiu kwa nusu, labda.

Tena huko nyuma kuna wenzako. Kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipoanza mwaka 1928 kuuza magari ambayo gia zake hulinganishwa mwendo kabla ya kuingia, ule ufundi wa kupiga klachi mara mbili ulianza kukosa kazi kwenye magari madogo, na sina shaka kwamba palikuwa na wazee waliosema udereva umekwisha. Miaka kama 11 baadaye Oldsmobile wakatoa modeli za mwaka 1940 zenye giaboksi ya otomatiki kamili, na klachi yenyewe ikaondoka. Kwetu wimbi hilo limekuja kupitia Japani, ambako tangu mwaka 1991 mtu anaweza kuchukua leseni ya otomatiki pekee, na ambako magari madogo ya kawaida karibu yote yanauzwa hivyo. Na kwa kuwa wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, yakishatumika yanashushwa bandarini Dar es Salaam yakiwa na usukani mahali pake. Kwa hiyo mtu wa Mtwara anayetafuta gari dogo la gia za mkono leo anatafuta sindano kwenye mchanga, na wanao hawakukuchagulia otomatiki kwa kukudharau. Ndiyo iliyokuwepo.

Sasa naomba nigeukie watu wawili ambao umewapitia haraka mno katika barua yako.

Wa kwanza ni mama. Umeandika kwamba yeye kuweza kuliendesha gari lile ni uthibitisho kwamba halihitaji dereva. Mzee wangu, mwanamke aliyekaa kiti cha abiria miaka 38, akaamua katika umri wake kwenda chuo cha udereva pamoja na vijana, akafanya mtihani akafaulu, na sasa anakwenda Mikindani bila kumwomba mtu, ni dereva. Kugeuza usukani, kukadiria bajaji inayochomoka kutoka kichochoroni, kusoma vioo, kujua lini asubiri: hakuna giaboksi inayomfanyia hayo. Gia zilikuwa kikwazo kimoja kati ya vikwazo vyake, nacho kimeondolewa, ndiyo maana ameweza kujifunza haya mengine upesi. Nimefundisha wanawake wa rika lake, na wengi waliokata tamaa walikata tamaa kwenye klachi, katika wiki ya kwanza, gari lilipozimika mara ya kumi mbele ya watu. Wewe unaona IST imekunyang'anya kitu. Yeye, nadhani, anaona ni gari la kwanza maishani mwake lililomsubiri. Ukiiuza, hutauza zawadi yako tu, na sidhani kama umewahi kumuuliza kuhusu hilo kwa maneno ya wazi.

Wa pili ni goti. Umelifukia katika sentensi moja iliyomlenga binti yako, lakini nadhani ndilo lililowafanya wanao wachague walivyochagua. Klachi ya pikapu kuukuu si nyepesi, na mjini hukanyagwa mara mia katika safari fupi. Mimi si daktari na sitalisemea goti lako. Rudi kwa yule aliyelisemea, umweleze mpango wako bila kuupunguza. Kisha kabla hujatoa hata shilingi moja, omba pikapu hiyo kwa siku tatu. Usiipeleke Lindi ukajidanganya kwa barabara iliyonyooka, ambako utaweka gia ya mwisho na kusahau kwamba una goti. Ipeleke sokoni saa za asubuhi, katikati ya bajaji na mikokoteni, uende na kusimama kwa saa nzima, siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne, unapoinuka kitandani, goti lenyewe litakuwa limeshajibu.

Likisema ndiyo, basi ushauri wangu ni huu: IST usiiuze. Ibaki kuwa ya mama, na hata itamkwe hivyo mbele ya wanao ili zawadi yao ionekane imezaa. Pikapu nunua kwa fedha yako ya korosho baada ya malipo kuingia, kwa kiasi ambacho fedha hiyo inatosha, na ikiwa haitoshi msimu huu, subiri msimu mwingine. Na uwaambie ukweli. Usiwaambie tena kwamba otomatiki ni hatari, wala kwamba inakula mafuta, kwa sababu binti yako atakushinda kwa hoja hizo na utabaki umekasirika. Waambie kwamba umelipenda jambo hili tangu ulipokuwa utingo, kwamba unataka kulifanya tena kabla nguvu hazijaisha, na kwamba unalilipia mwenyewe. Mtu anayesema hivyo ni vigumu kumpinga. Goti likisema hapana, utakuwa umepata siku tatu za manyuo, na utairudia IST ukijua sababu, jambo ambalo ni tofauti na kuirudia kwa kulazimishwa.

Kwenye kukagua pikapu najua utataka kuniambia kwamba hufundishwi, lakini tamaa huziba masikio hata ya fundi. Funga breki ya mkono, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu: injini ikizimika hapohapo, sahani bado inashika, ikiendelea kunguruma, sahani imekwisha. Barabarani, weka gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta, uangalie kama sauti inapanda huku gari likibaki palepale. Sikiliza unapoikanyaga klachi na unapoiachia: mlio unaoanza ukikanyaga ni wa bearing ya klachi yenyewe, ule unaonyamaza ukikanyaga mara nyingi unatoka ndani ya giaboksi na ni ghali zaidi. Ingiza gia ya pili upesi kidogo, ambayo ndiyo huanza kusaga kabla ya nyingine, kisha katika kamteremko kowote uondoe mguu kwenye mafuta ghafla, uone kama gia inaruka yenyewe. Mjomba wako alikufundisha kusikiliza miaka miwili bila kugusa. Siku hiyo itakuwa na kazi.

Na mnapokwenda kuijaribu, mwombe mama awafuate nyuma na IST. Pikapu ya umri huo inaweza kuwaachia njiani, na wa kuwarudisha nyumbani atakuwa yeye.